Nani Kawaona Tembo

Leo mashineni aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alileta mahindi ambayo hayajakauka. Mwenye mashine akachota kiganjani, akanusa, akamwambia, "Dada, haya yatanizibia chekeche. Kayaanike kwanza." Yule dada akabisha kidogo, kisha akaondoka na ndoo yake. Mimi nikabaki nimesimama na ile harufu ya mahindi yaliyovunwa kabla ya wakati wake, kama ya nguo iliyokunjwa ikiwa bado na unyevu, na nikajikuta siko Ruangwa tena. Nilikuwa Kilimarondo, jikoni kwa Bibi, moshi unaniuma macho.

Nimerudi nyumbani nikachukua daftari. Nataka kuandika habari ya mwaka ule wa tembo, lakini kabla sijaenda mbali niseme kwamba mimi niliishia darasa la saba, na kumbukumbu yangu siiamini sana. Mdogo wangu anasema mambo haya hayakutokea mwaka mmoja, ni miaka miwili nimeichanganya. Huenda. Ila yeye wakati ule alikuwa ananyonya, yuko na mama huku Ruangwa, kwa hiyo naye sijui kayatoa wapi.

Mama alikuwa akiuza chakula stendi, na mimi nililelewa na mama yake, Bibi Somoe, ambaye shamba lake lilikuwa upande wa pori. Mwaka uliotangulia tembo waliingia wakala mahindi, na wasiyoyala waliyalaza. Asubuhi ile shamba lilikuwa kama mtu katandika mikeka. Mwaka mzima tulikula mihogo, na kile alichotuletea Mjomba.

Mjomba ni kaka yake mama, mtoto wa kwanza wa Bibi, fundi cherehani hapa Ruangwa. Kwetu mjomba ndiye mwenye kauli, hata mama yake mzazi humsikiliza. Msimu ule tulipomaliza kupanda alikuja na pikipiki ya kukodi, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Mama, mwaka huu tembo wakila tena, hapa hapakaliki. Nakuchukua twende Ruangwa." Hivyo ndivyo ninavyomsikia mimi. Nilikuwa mlangoni nachambua kunde, nao walikuwa wakizungumza Kimwera na Kiswahili kwa pamoja, kama walivyozoea. Bibi akajibu, "Haya." Ilikuwa haya ya kufunga maneno, si ya kukubali.

Ruangwa aliwahi kukaa, alipokwenda kutibiwa macho. Alisimulia kwamba walimkalisha kwenye kochi tangu asubuhi hadi jioni, miguu haigusi udongo. "Kule mtu anakula bila kuchoka," alisema, kwa sauti ya mtu anayeeleza ugonjwa. Sitaki kumfanya Mjomba aonekane mbaya. Amekuja kuniambia, mimi nikiwa mtu mzima, kwamba miaka ile simu ikiita na kuona ni namba ya Kilimarondo alikuwa anasimamisha cherehani kwanza kabla ya kupokea. Na mimi mwenyewe sikujua nataka nini. Ruangwa kulikuwa na umeme na mama yangu. Kilimarondo kulikuwa na Bibi.

Mahindi yakafika mahali pabaya. Majani yamekauka, hindi limeinama, lakini ukibonyeza punje kwa ukucha bado inatoa utomvu mweupe. Ukiyavuna hapo yanaoza ndani. Ukiyaacha, unamwachia yeyote atakayepita. Ndipo nikasikia kisimani, "Wanasema tembo wapo ng'ambo ya mto."

Kwetu neno hilo "wanasema" huliulizi lina nani ndani yake. Ukiuliza "nani kasema," watu wanajua unatafuta ugomvi: kesho utakwenda kusimama mbele ya mtu umwambie fulani kasema umesema. Mtu mwenye adabu huleta habari bila jina, na mwenye adabu huipokea hivyo hivyo. Basi ile habari ikawa inakua. Kesho yake tembo wameonekana. Keshokutwa ni kundi. Baadaye wakawa wana watoto, na mmoja hana pembe.

Wakati huo huo shuleni alikuwapo Mwalimu Editha, aliyepangiwa kwetu kutoka Bukoba, mwembamba, mpole, asiyeogopa kusema "sijui." Alikuwa na kabati la vitabu alilolipanga mwenyewe, kila rafu ameibandika karatasi: KILIMO, AFYA, WANYAMA, HISTORIA. Alitufundisha kwamba habari hupangwa kwa mafungu ili anayetafuta asihangaike, na kwamba habari yoyote ina mahali ilipoanzia. Akatupa kazi. Kila mmoja achague habari moja inayozungumzwa kijijini, aitafute hadi mwanzo wake, na kwa kila mtu atakayemkuta aulize: nani alikuambia, yeye aliona au alisikia, na ilikuwa lini.

Mimi nikachagua tembo. Sikuwa na haja ya kufikiri.

Nilianzia kabatini, nikidhani ndiko rahisi. Kwenye rafu ya WANYAMA nikapata kitabu chenye picha ya tembo, kimeandika kwamba anakula nyasi, majani na magome ya miti, na anaishi hifadhini. Mahindi hayakutajwa. Nikahamia KILIMO. Huko waharibifu wa mazao walikuwa funza, mchwa, panya na ndege. Tembo hayumo. Nilisimama pale nimechanganyikiwa kweli kweli. Nilifikiri, kama tembo hali mahindi, basi aliyekula yetu alikuwa mnyama mwingine, na sisi wote Kilimarondo tumekuwa tukimwita kwa jina la mwenzake.

Nikamwuliza Mwalimu. Akageuza kile kitabu cha kilimo mbele na nyuma.

"Kitabu kinajua alichokijua aliyekiandika," akasema. "Huyu pengine hakulima karibu na pori."

"Sasa tembo yuko fungu gani, Mwalimu?"

"Hapa nimemweka kwa wanyama. Kwenu yuko wapi?"

"Kwetu yuko shambani."

Alicheka, lakini hakuhamisha kitabu. Sijui kama alipaswa kukihamisha. Nimelifikiria hilo mara nyingi na sijapata jibu. Ukikipeleka KILIMO, atakayemtafuta tembo mnyama hatamwona.

Basi nikaenda kwa watu. Nilikuwa na picha kichwani kwamba nikiuliza mmoja baada ya mwingine, mwisho nitamkuta mtu mmoja amekaa mahali, yeye ndiye aliyeona, na akiniambia tu mambo yatatulia. Nilianzia kwa jirani yetu, Mama Zuhura, ambaye ndiye niliyemsikia kisimani. Nilimkuta anapepeta mpunga, binti yake Zuhura yuko pembeni anasuka ukili.

"Shikamoo, Mama Zuhura."

"Marahaba. Bibi hajambo?"

"Hajambo. Mama Zuhura, ile habari ya tembo, nani alikuambia?"

Ungo ukasimama. "Nani kakutuma?"

"Mwalimu."

"Mwalimu anataka kujua mimi naongea na nani?"

"Si wewe peke yako. Ni kila mtu."

"Kila mtu." Akamgeukia Zuhura. "Unasikia wenzio? Siku hizi shuleni wanafundishwa umbea wa kuandika." Kisha akanirudia mimi, na hapa sauti yake haikuwa ya mzaha. "Sikiliza, mwanangu. Mimi sikusema tembo wapo. Nilisema wanasema wapo. Kama unaandika, andika hivyo hivyo."

Nikaandika hivyo hivyo. Na nikikaa nikimfikiria sasa, naona yeye alikuwa mwangalifu kuliko wote. Hakuongeza kitu. Alipoona nimeandika akalegea, akanong'ona, "Kamwulize Saidi wa ng'onda. Na usimwambie umetoka kwangu."

Saidi alikuwa akileta samaki hao wakavu kwa pikipiki kutoka Nachingwea mjini, anazunguka nyumba kwa nyumba. Nilimngoja njiani. Alizima pikipiki, akaangalia daftari langu, akaangalia kalamu.

"Dogo, umeajiriwa polisi?"

"Saidi, wewe uliwaona tembo?"

"Mimi nikiwaona tembo utanikuta hapa? Saa hizi ningekuwa Masasi, na pikipiki nimeiacha."

"Nani kawaona, sasa?"

"Habari alinipa Mzee Chitanda. Shamba lake ndilo la mwisho, mbele yake ni pori tupu. Asipojua yeye ajue nani, mimi muuza ng'onda?" Akawasha pikipiki. "Halafu mwambie Mama Zuhura hajanilipa samaki wake." Sikuwa nimemtaja Mama Zuhura hata kidogo.

Moyo ulinidunda nikienda kwa Mzee Chitanda, maana nilijua nimefika. Nilimkuta chini ya dungu lake la kulindia shamba, anapaka kamba pilipili iliyochanganywa na oili chafu, ile ya kuzungushia shamba ili tembo wachukie harufu. Mzee huyu Kiswahili alikitumia polepole, kama anayevuka mto kwenye mawe. Nilimwamkia, nikauliza.

"Sijawaona," akasema.

"Ulimwambia Saidi wapo ng'ambo."

"Nilimwambia Saidi, watu wajiandae. Ng'ambo kaweka yeye."

"Na wewe nani alikuambia?"

Akafuta mikono kwenye majani. "Siku ya arobaini ya marehemu shemeji yangu tulikaa na bibi yako. Akaniuliza, 'Chitanda, tembo hawajakufikia bado?' Bibi yako haulizi ovyo. Akiuliza vile, ana jambo."

"Kwa hiyo aliyekuambia ni Bibi?"

"Hakuniambia, mjukuu. Aliniuliza. Kusikia nilisikia mwenyewe."

Nilirudi nyumbani sijui nalia au nacheka. Kijiji chote kilikuwa na hofu, na Bibi yangu alikuwa analala na hofu ile, na nimeifuata hadi mwanzo wake nikajikuta mlangoni kwetu. Nilimweleza jikoni. Alicheka hadi akashika kiuno. "Kumbe nimejitisha mwenyewe," akasema. Kisha kicheko kikaisha, akawa mtu mwingine, ameshika mwiko na anatazama ukuta.

"Lakini kwa nini niliuliza?"

"Mimi nitajuaje, Bibi?"

"Nilikuwa na sababu siku ile. Kuna kitu nilikiona, au nilikisikia. Sikuuliza tu." Alijaribu kukumbuka. Akasema labda ni nyani walivyokuwa wamehama. Akasema hapana, nyani ni mwaka ule mwingine. Akasema labda ni ndoto, akakataa na hiyo. Kesho yake bado alikuwa anatafuta. Namwona anasimama katikati ya kufagia, anatikisa kichwa, anaendelea. Kile kitu alichokiona hakikurudi.

Shuleni nilisoma kazi yangu mbele ya darasa, wenzangu wakacheka sana pale mwisho. Mwalimu Editha hakucheka. Alisema habari hiyo haijathibitika. Aliongeza jambo jingine ambalo niliandika bila kulielewa, kwamba habari isiyothibitika mtu huipima kwa kuangalia atapoteza nini ikiwa kweli, na atapoteza nini ikiwa si kweli. Nikalibeba hilo neno la kwanza hadi nyumbani kama yai.

"Mwalimu kasema haijathibitika."

"Ndiyo kusema wapo au hawapo?" Bibi akauliza.

"Ndiyo kusema hatujui."

"Hilo nililijua kabla hujaenda shule," akasema, wala hakuwa anamdharau mwalimu. Alikuwa ameishiwa nguvu tu.

Ilivyoamuliwa kuvuna mimi nilikuwapo, na bado siwezi kueleza nani aliamua. Asubuhi moja Bibi alikuwa ananoa panga apasue kuni. Mama Zuhura akampungia mkono kutoka kwake, akaingia ndani. Baada ya kitambo tukasikia mahindi yanavunjwa upande wake. Bibi akasimama, akasikiliza. "Mama Zuhura anavuna," akasema. "Atakuwa amepata habari." Akachukua kikapu. Jioni Mama Zuhura akamwambia mtu kisimani kwamba asingethubutu kuvuna mabichi kama asingemwona Bi Somoe ananoa panga. Nilitaka kusema. Nikafikiria nianze na nani, nikaona kila nitakayeanza naye nitakuwa nimemwambia kwamba mwenzake katudanganya, na hakuna aliyedanganya.

Tuliyapanga mahindi juu ya dari la jikoni na kuyawashia moto mdogo mchana kutwa. Juu yakakauka. Ndani yakaota ukungu wa kijivu, na ile harufu ikaingia kwenye nywele, kwenye sare yangu ya shule, kwenye maji ya kunywa. Tulikuwa tunachambua punje moja moja. Ng'ambo ya mto kulikuwa kimya.

Kisha tembo wakaja. Tuliamka tukakuta nyayo. Walikuwa wamepita kwa Mzee Chitanda wakang'oa mihogo, wakafika kwetu wakasimama katikati ya mabua matupu, wakaenda zao. Bibi alizunguka zile nyayo kwa muda mrefu. "Unaona?" akaniambia. "Yangekuwa shambani." Mama Zuhura alipokuja kutazama akasema, "Dada, kufikia leo yangekuwa yamekauka, tungekuwa tumeshayaingiza ndani." Walibishana hapo hapo, kwa heshima, kila mmoja ananionyesha mimi mabua kama ushahidi. Mabua yale yale. Nilimpelekea Mwalimu Editha swali hilo, nani kati yao anasema kweli. Alifikiri, akasema hilo sasa hakuna anayeweza kulijua. Nilimkasirikia kidogo. Nilikuwa nimemzoea kama mtu mwenye kabati.

Mjomba alifika siku chache baadaye na kiroba cha sembe. Aliingia jikoni, akanusa, akapanda kutazama dari, akashuka na hindi mkononi. Alilivunja, likatoa vumbi.

"Mama, funga mizigo."

"Kwa nini?"

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana tembo wakila," Bibi akasema. "Tembo hawakula hata punje. Nenda shambani katazame."

"Nilisema mkikosa chakula tena."

"Ulisema tembo."

"Mama, niliyesema ni mimi. Nitasahau nilichosema?"

"Na niliyeambiwa ni mimi."

Sikuwahi kuwasikia wakipandishiana sauti hivyo. Halafu Bibi akanyoosha kidole, polepole, kwangu. "Huyu alikuwepo. Mwulize."

Wote wawili wakanigeukia. Nikajiuliza yale maswali ya Mwalimu, bila kupenda, yalikuja yenyewe. Nani alisema? Mjomba. Uliona au ulisikia? Nilisikia mwenyewe, nimekaa mlangoni. Lini? Tulipomaliza kupanda. Katika kutafuta kwangu kote sikuwa nimepata mtu mwenye majibu safi namna hiyo. Nikaingia kichwani kuchukua neno lenyewe, na nilichokikuta ni sauti ya Bibi. Tangu siku ile alikuwa amelirudia neno hilo kila alipotwanga, kila alipopalilia, akiwaambia kuku, akiliambia jembe: tembo wakila, nakwenda Ruangwa, kasema mwenyewe. Nilitafuta sauti ya Mjomba chini ya sauti hiyo. Kulikuwa na kigoda, kulikuwa na kunde mapajani kwangu. Midomo yake inacheza. Maneno ni ya Bibi.

"Alisema tembo wakila," nikasema.

Mjomba akaniinamia. Hakuwa na hasira. "Una hakika?"

"Nilikuwepo."

Alinitazama mpaka nikaangalia chini. Akatupa lile hindi jivuni, akasema, "Haya," akatoka kwenda kufungua kiroba. Alikula nasi ugali wa mahindi yale mabovu, akaomba hata ukoko. Alipoondoka aliacha fedha chini ya kigoda, na tangu hapo kila mwezi alileta sembe, miaka yote ambayo Bibi aliendelea kukaa Kilimarondo, mpaka alipozikwa huko huko karibu na shamba.

Jioni ile Mjomba alipoondoka, tulikaa nje tunamenya mihogo, Bibi na mimi, jua bado lipo. Alimenya mmoja, akachukua wa pili, akasimamisha kisu.

"Hivi," akasema, bila kunitazama, "ni kweli alisema hivyo?"

Nilimgeukia. "Mimi nilidhani wewe ndiye uliyesikia vizuri."

"Mimi nilikuwa nakutegemea wewe."

Tukatazamana. Kuku alikuja akadonoa ganda, akaenda nalo.

"Basi imeshasemwa," akasema Bibi, akaendelea kumenya.